Nyumba Niliyoiandikia "Hakuna"

Miaka ile gesi ilipoanza kuzungumzwa kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kama habari ya kweli, vijiji vyetu vilijaa watu wenye madaftari. Walipita wa kampuni, wakapita wa serikali, kila mmoja akiuliza majina ya watu na idadi ya minazi. Mimi pia nilikuwa na daftari. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mguu wangu wa kushoto umelemaa tangu utotoni, na shughuli yangu ilikuwa nyingine kabisa.

Kikundi chetu kilikutana kila Jumamosi asubuhi kwenye baraza ya ghala la zamani la mbata. Alikianzisha mama mmoja wa Kimakonde kutoka bara, mwalimu wa shule, ambaye mguu wake mmoja ulikatwa na bomu lililotegwa ardhini zama za vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sote tulimwita Mwalimu. Alitukusanya vijana wasioona, wasiosikia, wanaotambaa, na sisi tunaochechemea, lakini hakutaka tukae peke yetu. Sharti lake lilikuwa kila mmoja awe na mwenzake wa mtaani asiye na ulemavu, waende pamoja sokoni, harusini, uwanjani kwenye mpira. Tulisuka mikeka. Viziwi wawili walitufundisha kusema kwa mikono. Kabla ya hapo sikuwahi kukaa mahali ambapo hakuna aliyeutazama mguu wangu.

Mwalimu ndiye aliyenituma vijijini kutafuta wengine. "Waliofichwa hawaji wenyewe," aliniambia. "Bisha hodi kila nyumba, uliza kwa adabu, andika."

Asubuhi moja nilifika nyumba ya mwisho ya kijiji kimoja upande wa bahari, kwenye ardhi iliyokwisha kupigwa vigingi vya wapimaji. Mama mwenye nyumba alikuwa uani anakuna nazi. Akanipa kigoda, akanipa maji. Nikamuuliza kama kwake kuna kijana mwenye ulemavu wa aina yoyote.

"Hapa hakuna, mwanangu," alisema. "Tupo mimi na wanangu wawili wa kiume, nao wamekwenda pwani kuvua."

Nyuma yake, ndani ya nyumba, kiganja kikapiga ukuta wa udongo. Pa. Kikatulia. Pa. Yule mama akainamia mbuzi yake, akakuna nazi kwa nguvu zaidi. Hakunitazama. Kikapiga tena.

Nilijua. Nilipokuwa mdogo, wageni walipofika kwetu, bibi yangu alinipeleka chumba cha ndani na kuniambia ninyamaze, nami nilinyamaza hata nilipobanwa na mkojo. Huyu hakunyamaza. Ilinipasa niseme neno. Lakini ule utii wa utotoni ukanirudia, nikaandika kwenye mstari wa nyumba ile: hakuna. Nikashukuru kwa maji, nikaondoka.

Masika yakaingia. Nilijiambia barabara imeharibika, ingawa magari ya gesi yalipita njia hiyo hiyo kila siku. Sikumwambia mtu. Ila mama akitwanga, jirani akifunga mlango, nazi ikianguka, niligeuka. Nilisali nikikosea rakaa. Jumamosi moja kijana mmoja asiyeona alikung'uta mkeka wake kwa kiganja, na ukili wote niliokuwa nao ukanitoka mikononi.

"Una nini wewe?" Mwalimu akauliza.

Nikamweleza yote pale pale, mbele ya wenzangu. Hakunikaripia. Alivuta magongo yake, akasimama. "Twende."

Tulipanda gari la mchuuzi wa samaki. Yule mama alitufungulia mlango kabla hatujamaliza kubisha hodi. Alimtazama Mwalimu, akayatazama magongo, kisha akanigeukia mimi.

"Ulisikia siku ile," alisema. "Nilijua umesikia. Ulipotoka nikasema, huyu naye ana mguu, atarudi. Nikangoja. Masika yote nimengoja."

"Mbona ulinikatalia, mama?"

"Nimezoea kukataa. Watu wakiuliza, mdomo unajibu wenyewe. Nilitaka wewe usinikubalie."

Nimeambiwa mengi maishani. Hayo ndiyo yanayonirudia.

Akatuingiza. Dirisha la chumba lilizibwa kwa gunia. Kitandani palikuwa na msichana wa miaka kama kumi na saba, miguu imekunjamana, shingo imelala upande. Alikuwa safi, nywele zake zimesukwa karibuni, mistari imenyooka. Alipendwa, na alifichwa, na mkono uliofanya yote mawili ulikuwa mmoja. Karibu na mto, udongo wa ukuta ulikuwa umechimbika kwa upana wa kiganja. Mama yake alisema binti hupiga pale kila anaposikia sauti ya mgeni. Kumbe alikuwa anabisha hodi kutokea ndani.

Siku ya kwanza alipoletwa barazani, jua lilimliza. Siku ya tatu alicheka. Binti wa jirani yake akawa mwenzake, akimsukuma kwenye kiti cha magurudumu ambacho Mwalimu alikiomba hospitali. Watu sokoni kwanza walimkodolea macho, kisha wakazoea, kisha wakawa wanamuuliza mwenzake, "Leo yuko wapi?" Maneno yake hayakutoka sawasawa, lakini alichagua rangi za ukili kwa macho, zambarau, njano, akakataa nyekundu kwa kufumba. Mwenzake alisuka. Mkeka huo ulitandikwa kwenye harusi ya mtaani, bibi harusi akaukalia, na sauti ya msichana wetu ilisikika juu ya vigelegele vyote.

Mimi nilikaa karibu naye kila Jumamosi. Alipenda kuegemeza kichwa begani kwangu, nami nilishindwa kutulia. Mguu wangu una sauti yake, nauburuta. Alinisikia nikija siku ile, na alinisikia nikiondoka. Sikujua kama ananitambua. Nilimwomba msamaha mara moja, kwa sauti ya chini. Alinitazama kwa muda mrefu, halafu akageuka kuangalia mpira uwanjani.

Kisha kijiji chao kikaambiwa kihame kuupisha mradi. Mama yake hakutaka nyumba mpya, akaamua kurudi kwa ndugu zake ng'ambo ya mto Rovuma, Tanzania. Niliwasindikiza hadi kwenye lori la kwenda Namoto, mpakani. Walimkalisha juu ya magodoro, mama yake akamfunika kanga usoni kwa ajili ya vumbi. Akaivuta, ikaanguka. Mama akamfunika tena. Akaivuta tena. Lori likaondoka hivyo, wakivutana, na yeye uso wazi akiwatazama watu wote waliosimama njiani.

Baadaye vita vipya vikatufikia, kikundi kikatawanyika, na mimi nikakimbilia mji wa Pemba, kusini. Nikikutana na mtu aliyetoka Mtwara humuuliza kuhusu msichana wa kwenye kiti, na mama yake, na kaka zake wawili wavuvi. Hadi leo hakuna aliyewaona.