Nilivyomnyang'anya Mwanangwa Shamba Lake

Ndugu zangu wa Handeni, mmeniuliza sana kofia yangu nzuri iko wapi siku hizi. Habari yake ni ndefu kidogo, na inaanzia ofisini kwetu Tabora. Nilikuwa bwana shamba mpya, na bwana mkubwa wetu, Mwingereza mmoja mwembamba asiyejua kucheka, alikuwa na hofu moja tu maishani: kwamba udongo wa Tanganyika unatoroka. Mvua ikinyesha alisimama dirishani akiutazama unavyokwenda zake, akaguna kama mtu aliyeibiwa. Siku moja aliniita, akaniambia niende Ibambala, kijiji kilicho kando ya njia ya zamani ya misafara. Huko niwashawishi wakulima wapige matuta yanayokata mteremko, na katika kila mfereji kati ya tuta na tuta waweke vizuizi vya udongo, ili mvua ikae pale pale ilipoangukia. Shamba moja tu lingemtosha. Nikirudi bila hilo moja, kazi sina.

Nami kurudi nyumbani bila kazi nisingeweza. Mjomba alichinja mbuzi wawili kuniaga, na ninyi nyote mliwala.

Asubuhi ya safari nilitoka nilikopanga, mtaa wa Kitete mjini Tabora, nikiikokota baiskeli ya ofisi, mkoba wa vitabu vya picha begani, na kipimo changu cha mbao: miguu miwili iliyoungana juu, upau katikati, na uzi wenye jiwe unaoning'inia. Pale stesheni mwenye duka mmoja wa Kihindi aliniuliza kwa upole kama ni cha kuanikia nguo. Nikamweleza kwamba kinatafuta mstari ambao haupandi wala haushuki. Alinitazama kwa huruma, akanigawia karanga.

Mchana nilishuka garimoshi Goweko, nikapanda baiskeli. Njia ile inapita katikati ya miyombo iliyokauka, majani yake yamekunjamana kwa jua, na mbung'o wake hawana adabu. Nilipofika kwenye kizuizi cha mbung'o, mlinzi mwenye wavu mdogo alinizunguka kwa utulivu mkubwa, akinipapasa mgongo, akichungulia chini ya kiti cha baiskeli. Mwisho alitangaza kwamba mimi ni safi lakini baiskeli ina mbung'o wawili. Tuliwakimbiza pamoja mpaka tukachoka, na mmoja nadhani nilikwenda naye.

Nikiwa njiani niliwakumbuka babu zetu. Njia hiyo hiyo ndiyo waliyopita Wanyamwezi na mizigo yao wakishuka pwani, wakikatiza Uzigua, wakigombana nasi na kupatana nasi, hata tukawa watani. Nilidhani utani ni mambo ya arusi na matanga. Sikufikiri kwamba unaweza kumkaba mtu aliyetumwa kikazi na serikali.

Jioni niliingia Ibambala. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, alitoka kunipokea: Mzee Maganga, mtu mzima mwenye mabega mapana na rozari shingoni. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza kabila langu. Nikasema mimi Mzigua.

Alinisogelea. Kisha akanivua kofia, akaivaa.

Kijiji kizima kilishangilia kana kwamba nimeleta mvua mfukoni. Mkewe, Mama Kulwa, aliuchukua mkoba wangu akisema mali yao imerudi. Vijana wakachukua kipimo, wakacheza nacho ngoma, mmoja akiwa ameingiza kichwa chini ya upau. Kabla giza halijaingia mkoba ulirudishwa, vitabu vyote vimo. Kipimo nacho nilikikuta kimeegemezwa mlangoni kwangu. Kofia haikurudi. Nilipomuuliza Mama Kulwa sababu, alikuwa akinipakulia ugali wa mtama na mlenda wa karanga, akanijibu bila kuinua uso.

"Mtani hachukui kitu asichokitaka, Mzigua."

Basi nilielewa. Kofia walikuwa wameipenda. Elimu yangu yote walikuwa wameikagua, wakaniachia mwenyewe. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyotaka kuonyesha, nikala ugali mwingi kuliko kawaida.

Kesho yake Mzee Maganga aliwaita watu wanisikilize. Niliwaambia kwamba matuta wanayajua tangu zamani, na kwamba ni mazuri. Kasoro yake ni kwamba wanayateremsha moja kwa moja kutoka barabarani hadi mbugani, kwa sababu yakinyooka hivyo mpita njia anayasifu. Mvua inapata barabara ya kupendeza, inashuka mbio na udongo wao, nao wanabaki na sifa. Walicheka mpaka mzee mmoja akaegemea jembe. Mzigua, walisema, anataka mvua ikae shambani kama mkwe, ipewe na kigoda. Nilipokuja kwenye vizuizi vya mifereji, Mzee Maganga aliyafuta machozi yake kwa kofia yangu na kunisihi nirudie sehemu ile.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwa namna ya ajabu. Sijapata kupendwa hivyo. Niliitwa kila nyumba, nikapewa asali, nikapewa viazi vilivyokaushwa hadi taya zikauma, na kila nilipofungua kinywa kusema jambo la kilimo watu walishika mbavu. Nilijaribu ukali: nikavaa kaptula ya kazi iliyopigwa pasi, nikakunja uso, nikaongea kama bwana mkubwa. Walisema huo ndio mzaha bora kuliko yote. Huko magharibi mawingu yalianza kukusanyika, na mimi sikuwa na hata tuta moja. Niliogopa kwa kweli. Nilijiona nikishuka Handeni na mkoba wangu, mjomba akinitazama, na ile harufu ya mbuzi bado iko uani.

Asubuhi moja mgeni Mzaramo, mtani wao mwingine, alipita akielekea Tabora. Alimkamata jogoo wa Mama Kulwa mbele ya macho yake, akamtia kwapani, akaondoka. Hakuna aliyemfuata. Mama Kulwa alimtukana kwa furaha mpaka mgeni akatoweka njiani. Nilisimama pale, mswaki mdomoni, nikaanza kuona mwanga.

Kesho yake kulipokucha walinikuta katikati ya shamba la Mzee Maganga, nimekalia kigoda chake, kipimo nimekisimamisha kando yangu kama bendera. Nilitangaza kwamba shamba hili nimelitwaa. Babu yake alilala kwetu Uzigua akielekea pwani, akaondoka bila kuaga, na sisi Wazigua hatusahau utovu wa adabu. Mzee akitaka kulikomboa, sitaki jogoo wala beberu. Nataka matuta yakate mteremko, kwa mstari nitakaouonyesha, na kizuizi katika kila mfereji.

Mzee Maganga aliiweka kofia yangu sawa kichwani. Kumkatalia mtani ni aibu, tena mbele ya watu wote. Akawageukia watu wake.

"Leteni ngoma," akasema. "Mzigua ametuweza."

Walikuja na majembe na ngoma, wakalima kwa mstari mmoja huku wakiimba matusi ya ukoo wangu kuanzia kwa babu. Nilipita mbele na kipimo changu, nikipigilia vigingi, na kila jiwe la uzi lilipotulia katikati ya upau walipiga vigelegele. Mimi pia nilipewa jembe na tuta refu kuliko yote, na nilipojikwaa waliniimbia wimbo mpya. Jua lilipotua shamba lilikuwa tayari. Wenye mashamba ya jirani walinijia wamenuna, wakiniuliza kwani ya kwao yana ubaya gani hata nisiyatwae. Nikatwaa mengine mawili, kwa ajili ya ujirani mwema.

Ila nilipotaka kufurahi, Mzee Maganga alinikata maini. Alisema utani umekwisha, shamba limekombolewa, na mvua ya kwanza ikija atavibomoa vile vizuizi, kwa kuwa karanga zake haziwezi kuogelea.

Mvua ilikuja alasiri ya siku iliyofuata, ya mawe na upepo. Ilipopungua nilimwona Mzee Maganga akitoka na jembe begani, kofia yangu kichwani imelowa chapachapa. Nilimfuata. Chini ya shamba, pale ambapo kila mwaka maji mekundu hushuka kwa kishindo kuelekea mbugani, njia ilikuwa na matope tu. Juu, katika mifereji, maji yalikuwa yametulia kizuizi kwa kizuizi, yakinywewa taratibu na ardhi. Mzee Maganga aliinama. Aliingiza mkono kwenye tuta, akachota udongo, akaubana, akautazama.

"Umeniibia mto wangu," aliniambia, akarudi nyumbani na jembe lake likiwa kavu.

Sikujua kama amekasirika. Usiku kucha niligeuka kitandani.

Asubuhi ya kuondoka nilifunga mizigo. Baiskeli ipo, mkoba upo. Kipimo hakipo. Nilikitafuta nyuma ya nyumba, ghalani, hata kwa vijana waliocheza nacho. Kisha nikamwona Mzee Maganga amekaa mlangoni pake, kipimo kimelazwa mapajani, anakaza uzi wa lile jiwe. Nilimwambia ni mali ya serikali, nimekitilia sahihi. Nikataka kukikomboa kwa kisu changu. Akakataa. Kwa blanketi. Akakataa. Nikamwambia basi abaki na kofia milele.

"Kofia chukua," alisema, akaivua na kunirushia. "Hiki hakikombolewi."

Mama Kulwa alikuwa akinitazama kutoka jikoni, wala hakucheka. Hapo ndipo nilipokumbuka maneno yake ya siku ya kwanza, kwamba mtani hachukui kitu asichokitaka. Niliirudisha ile kofia kichwani mwa Mzee Maganga kwa mikono yangu miwili, nikampa shikamoo ya kuagia, nikapanda baiskeli.

Tabora bwana mkubwa alifurahi kusikia habari za mashamba matatu, kisha akaniuliza kipimo kiko wapi. Nikamjibu kwamba kimeibiwa. Alikunja uso, akasema bei yake itakatwa kwenye mshahara wangu, na hakuelewa kabisa kwa nini nilimshukuru.