Bisi za Asali Nyuma ya Kichuguu

Mama mkwe wangu alikuwa mchoyo wa moto. Nasema hivi kwa sababu sina tena haja ya kumpamba. Amekwisha kufa, na alipokufa sikulia. Niliolewa kwenye tembe lake chini ya vilima vya Kibakwe, wakati Wadachi wana boma lao Mpwapwa na reli yao inasogea kuja Gulwe. Kwa desturi yetu, bibi arusi hupika kwenye jiko la mama wa mumewe mpaka mama huyo ampangie mafiga yake na kumletea kaa la kwanza la moto kwa mkono wake mwenyewe. Siku hiyo ndipo unakuwa mwenye nyumba. Kabla ya hapo hata ladha ya kinywa chako si yako.

Wenzangu walioolewa baada yangu walipewa mafiga yao mara tu baada ya mavuno ya kwanza. Mimi nilivuna, nikavuna tena, sikupewa. Nikiuliza, alinijibu bila hata kugeuka: "Hujui kukaanga bisi, utapewaje moto?"

Bisi zenyewe za kwake sasa. Aliacha mtama uungue mpaka uwe mweusi, akatupia chumvi ya mbugani yenye mchanga, basi, eti chakula. Karanga aliziita ulafi. Asali alisema ni ya pombe ya wazee. Nilizitafuna bisi hizo shambani msimu baada ya msimu, na nikamchukia kwa kila punje.

Mimi nilitaka zangu. Mtama ukaangwe kwa moto mdogo, nusu upasuke, nusu ubaki mgumu, maana napenda kitu kinachobishana na meno. Karanga zikaangwe peke yake na kupukuswa maganda. Ufuta uingie mwishoni, kwani huungua upesi. Asali ichemshwe mpaka ivutike, imwagwe juu pamoja na unga wa ubuyu ili ukali wake uukate utamu. Kisha vyote vitandazwe kwenye kigae kilichopakwa samli, vipoe, vimeguliwe mapande. Mama yangu alitia karanga nyingi, mimi napenda ufuta zaidi. Hakuna aliyenifunza kipimo. Ni ulimi wangu tu.

Siku moja askari wa boma alikuja kwa jumbe kutaka vijana wa kufanya kazi ya reli, na mume wangu akawa mmoja wao. Jioni alinifuata kisimani. "Nifungie zile bisi zako unazozisema kila siku," aliniambia. "Za mama zinanichoma koo."

Nilifurahi kupita kiasi. Akiondoka na mfuko wangu mbele ya watu wote, mama yake angesema nini tena? Angelazimika kunipa jiko. Nikamwomba mama mkwe nafasi motoni. Akakataa.

Basi alipokwenda kufungulia mbuzi, nilichota makaa yake kwenye kigae, nikaenda nayo nyuma ya kichuguu kilicho kando ya shamba, nikapanga mafiga yangu mwenyewe. Kwetu, mke akichota moto wa mama mkwe bila kupewa na kuukoka kwenye mafiga yake, ni sawa na kumtangaza mama huyo kuwa amekufa. Nilijua. Nilikuwa nimechoka, na mtama ulipoanza kupasuka nilisikia raha ambayo sikuwahi kuipata nyumbani kwake.

Moshi ulinichongea. Alikuja mbio, mwanawe nyuma yake. Nilikuwa nimekwisha kutandaza, asali bado ya moto. Akapiga teke kigae, bisi zote zikamwagika mchangani, kisha akayasambaratisha mafiga kwa miguu yake.

"Umenizika nikiwa hai," alisema.

Nilimtazama mume wangu. Ni yeye aliyeziomba. Neno moja lilitosha, kwamba yeye ndiye aliyenituma. Alijikuna shingo, akasema, "Mama, twende, jua kali." Asubuhi aliondoka na mfuko wa mama yake begani.

Nami niliondoka siku hiyohiyo, nikarudi kwetu. Baba alinuna, kwa kuwa alijua ng'ombe wa mahari wangedaiwa. Mama alinipangia mafiga karibu na yake, akaniletea kaa.

Mume wangu alikuja kunichukua mvua zilipokwisha, amekonda, amevaa shati kuukuu la kazini. Nilimpa shikamoo zake, nikampa maji, nikamwekea bisi zangu kwenye kibuyu. Sitaficha: nilikuwa tayari kurudi naye. Nilingoja tu aseme kwamba siku ile alinikosea, au kwamba mama yake sasa atanipa jiko.

Alikula konzi moja, akachota ya pili. Alitafuna polepole, akitazama nje.

"Tamu," alisema. "Ila asali imezidi kidogo. Mama hutia chumvi."

Nilikichukua kibuyu mikononi mwake. Nikamwambia chumvi iko kwa mama yake, na njia anaijua. Baba alirudisha ng'ombe wote, akanilalamikia mpaka masika mengine, nami nikaendelea kukaanga.