Jasho Lililomo Kwenye Fulana ya Livio

Watu wa kitabu cha ligi ya besiboli wamenijia mara tatu. Mara ya kwanza niliwaambia nina maharage motoni. Mara ya pili nikawaambia mguu unauma. Mara ya tatu wakaja na daftari na kalamu, wakasema, "Bi Ercilia, wewe andika tu vyovyote, sisi tutanyoosha." Sitaki kunyooshewa. Miaka arobaini na moja nimenyoosha jezi za watu kwa pasi, basi maneno yangu yaacheni na mikunjo yake. Na kama mlitaka kujua habari za fulana, kwa nini hamkuja Livio akiwa hai, mkamuuliza yeye? Mngeniokoa na aibu hii.

Fulana ninayoisema ni ile iliyo ndani ya kioo, kwenye chumba cha vikombe pale uwanjani. Fulana ya ndani, ya mikono mirefu, imegeuka rangi kama chai. Chini yake kuna kikaratasi kilichopigwa mashine: Fulana ya mrushaji Livio Mercedes, haijafuliwa tangu Novemba 1963, jasho lake lingali humo. Watu husimama mbele yake wanavua kofia. Mimi nikipita hapo naangalia chini.

Livio alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Baba yetu alikuwa mpima miwa kiwandani, na kila jioni alitusimulia mwaka wa thelathini na saba, matajiri walipoleta wachezaji kutoka kila kisiwa, ukachezwa mpira ambao haujaonekana tena, kisha ligi ikaanguka kwa uzito wake wenyewe. Miaka kumi na minne hapakuwa na mpira wa malipo. Ulirudi nikiwa msichana, ukichezwa wakati wa joto kali, wachezaji wanaanguka kwa jua. Mwaka wa hamsini na tano wakauhamisha, tangu Oktoba mpaka Januari, ili vijana wetu wanaocheza Kaskazini, kwa Wamarekani, wawe wamerudi nyumbani. Wakauita ligi ya majira ya baridi. Baridi ni ya huko kwao. Hapa Desemba tunalala bila shuka.

Mwaka huohuo mama na mimi tukapewa kazi ya kufua jezi za timu. Mama alipofariki nikabaki peke yangu na mabeseni manne.

Livio alikwenda Kaskazini misimu miwili ya joto. Bega likamsumbua, wakamrudisha. Akasema hakuna neno, nitacheza huku majira ya baridi, wataniona tena. Lakini ule mwaka nchi ilikuwa imechafuka na ligi haikuchezwa kabisa. Mrushaji mzima, mkono wa dhahabu, akaenda kupakia miwa kwenye mabehewa. Alikuwa anarudi hasemi. Anakaa mlangoni anazungusha chungwa kwenye vidole, kama bado ni mpira. Nilikiogopa kimya kile kuliko ambavyo ningeogopa akilia.

Oktoba ya sitini na tatu ligi ikafunguliwa, na timu ikamchukua, lakini kwa shingo upande. Mechi ya kwanza aliyoanza, akashinda. Ya pili, akashinda. Ya tatu, ya nne. Na nyinyi mnaojua mpira mnajua kinachofuata: mtu akishinda mfululizo, hakuna kinachoguswa. Mdakaji wetu alikula sadini kila siku ya mechi mpaka mkewe akahamia kwa mama yake. Kocha Bautista alikuwa na soksi zinazoweza kusimama zenyewe. Na fulana ya Livio ilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni kwangu, na amri juu yake.

"Dada," aliniambia, "fua kila kitu cha dunia hii. Hii usiiguse hata kwa macho."

"Inanuka, Livio."

"Ndiyo inayoshinda. Mimi naisindikiza tu."

Wiki moja kabla ya Krismasi kocha alimwita. Mrushaji wa Kimarekani ameshateremka kwenye ndege, nafasi ni moja. Jumapili Livio atarusha dhidi ya timu ya mji mkuu. Akishinda, anabaki na jezi. Akishindwa, anaivua palepale, anapewa Mmarekani. Livio alinieleza haya akiwa amesimama, hakuketi. Halafu akaangalia msumari, akaona fulana ipo, akavuta pumzi.

Sasa sikilizeni kosa langu.

Jumamosi asubuhi Livio ameondoka kwenda mazoezini, mimi niko uani na mabeseni. Jirani yangu Bi Zunilda akaegemea ua. Huyu alikuwa naye anafulia watu, na alikuwa na jicho na kazi yangu tangu mama hajafa.

"Ercilia, mwenzangu, kuna panya amefia kwako?"

"Hakuna panya."

"Basi ni nini? Mume wangu ameshindwa kumaliza kahawa. Na wewe ndiye mtu wanayesema hana mwenzake kwa usafi!" Akacheka. "Ngoja nikuletee kipande cha sabuni, kama imekuishia."

Mtu anitukane kwa lolote. Aseme mimi mbaya, aseme mimi mnene. Lakini sabuni! Nilihisi damu imepanda masikioni. Niliingia ndani, nikaichomoa ile fulana msumarini, nikatoka nayo, nikaizamisha mbele ya macho yake. Sabuni ya kuaba, ile kali ya mche, mara mbili. Nikaisugua kola, nikaisugua kwapa, nikaitia buluu. Nikaitandaza juu ya bati, nyeupe kama kitambaa cha altare.

"Haya," nikamwambia, "lete na pua ya mumeo."

Zunilda hakucheka tena. Aliitazama fulana, akanitazama mimi, akasema polepole, "Ercilia. Ile si ndiyo ya Livio?"

Nilikaa chini kwenye matope ya maji ya sabuni, nikakaa.

Kumwambia? Nilifikiri kumwambia. Lakini mrushaji harushi kwa mkono peke yake. Ukimtia shaka kidogo, mpira unakwenda pembeni kidogo, na pembeni kidogo ndiyo mwisho wa mtu. Niliona mabehewa ya miwa. Nikaliona lile chungwa.

Nikaanza kuichafua. Nikaipaka majivu, ikawa kama ya mfanyakazi wa tanuri. Nikaisuuza, nikaitia kahawa iliyopoa, rangi ikakaribia. Lakini harufu haikuwa yake. Ilinuka kahawa, na Livio alikuwa na pua kama ya mbwa. Zunilda, ambaye sasa alikuwa amevuka ua kuja kunisaidia, alisema, "Jasho huwezi kulinunua popote."

"Kununua siwezi," nikasema. "Kulitoa naweza."

Nikaivaa. Ndiyo, mimi, mwanamke wa miaka ishirini na nane, nikavaa fulana mbichi ya mdogo wangu chini ya gauni, nikafunga madirisha, nikawasha mkaa wa pasi mbili. Kulikuwa na jezi thelathini za kupiga. Nikazipiga zote. Zikaisha nikazikunja vibaya nikazipiga tena. Bati linawaka juu, mkaa unawaka chini. Zunilda alisukuma maji ya kunywa kupitia upenyo wa mlango, anauliza, "Limetoka?" kama mkunga. Limetoka mpaka nikaona nyota. Saa kumi jioni nikaivua, nikaitundika msumarini, nikalala sakafuni.

Jumapili, baada ya kula ndizi za kuponda ambazo hakuzimaliza, Livio aliichukua fulana. Akaigusa kola. Akaiweka puani, akakaa nayo hapo. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, naosha sahani moja iliyokwisha takata.

"Dada. Inanuka moshi."

"Imetundikwa jikoni, ulitaka inuke maua?"

Nilisikia anaivaa.

Chumba changu cha kufulia uwanjani kilikuwa chini ya majukwaa, hakina dirisha. Mchezo nilikuwa nikiusoma kwa miguu ya watu juu ya kichwa changu. Wakiruka, tumepata. Wakikaa kimya, tumepatikana. Siku ile walikuwa wamekaa kimya mno. Mzee Chago, mfagiaji wa uwanja, alichungulia kila duru ilipoisha.

"Bado sufuri kwa sufuri. Mbona umeshika beseni kama usukani?"

"Toka, Chago."

"Natoka. Naona leo mpira wake una kitu. Sijui ni kizuri au kibaya."

Maneno gani hayo ya kumwambia mtu! Nilimuahidi Mama Yetu wa Altagracia kwamba nitakwenda kanisani kwake Higüey kwa miguu. Duru ya nne tukapata alama moja, majukwaa yakatikisika, mavumbi yakaniingia machoni. Sikufurahi. Alama moja ni kidogo mno kuitegemea.

Duru ya sita Chago hakuchungulia. Juu yangu hakuna unyayo uliosogea. Nikabeba kapu la taulo kama mtu mwenye shughuli, nikatoka mpaka penye benchi la wachezaji. Vituo vyote vitatu vilikuwa na watu wao, mmoja tu akifika nyumbani wametusawazishia. Livio alikuwa amewapa mwendo wa bure wawili mfululizo, mipira inakwenda pembeni, pembeni kidogo tu. Mmarekani alikuwa amesimama ananyoosha mkono. Kocha alikuwa na mguu mmoja tayari uwanjani.

Hapo Livio akafanya alichokuwa akifanya kila akibanwa. Aliingiza kidole kwenye kola, akaivuta fulana mpaka puani, akavuta harufu. Akavuta tena. Akasimama hivyo muda mrefu, mpaka mwamuzi akapiga makofi kumharakisha. Mimi nilikuwa nimeuma taulo. Nilijua amejua. Nilingoja ageuke anitafute kwa macho, mbele ya watu elfu sita.

Hakugeuka. Alirusha, mpigaji akaupiga chini, ukabiringika moja kwa moja kwa mtu wetu wa kati, naye akawatoa wawili kwa mpigo mmoja. Duru ikaisha. Kocha akarudisha mguu wake.

Duru tatu zilizobaki sikurudi chumbani. Nilisimama na lile kapu. Mpira wa mwisho kabisa uliruka mbali hadi ukutani, nikafumba macho, na sikuyafumbua mpaka Chago aliponipiga bega kwa ufagio: "Umedakwa, mama! Umedakwa! Pumua!"

Moja kwa sufuri. Mmarekani alirudi uwanja wa ndege siku ya Jumanne, na nanasi mikononi. Livio alicheza majira ya baridi kumi na moja.

Jioni ile alinipa fulana imelowa. "Itundike, dada." Hakuongeza kwamba nisiiguse. Amri ile hakuirudia tena mpaka anakufa, na mimi sikumuuliza, naye hakusema. Zunilda naye amekwenda na siri yake, Mungu amrehemu, alikuwa mbea kwa yote isipokuwa hilo. Higüey nilikwenda, siku mbili, malengelenge saba.

Basi hiyo ndiyo habari ya fulana. Imefuliwa. Imefuliwa vizuri kuliko fulana yoyote ya nchi hii, na jasho la kwanza lililoingia baada ya hapo ni langu, la pasi mbili za mkaa na jezi thelathini mara mbili, na ni hilo alilolinusa akiwa amezingirwa vituo vyote.

Nyinyi wa kitabu, msinyooshe. Na wewe unayesoma, ukifika uwanjani, ingia chumba cha vikombe, usivue kofia kwanza. Mwite mwenye funguo, umwonyeshe ukurasa huu, umwambie akitoe kile kikaratasi na aandike kingine: jasho la Livio Mercedes na la dada yake Ercilia. Usiondoke mpaka umemwona anaandika. Kisha pita kwangu, nyumba ya pili baada ya kiwanda, uniambie umeona kwa macho yako. Kahawa ipo.