Mama Alipofika Bogotá

Mdogo wangu alipotangaza kwamba anaoa Bogotá, majirani zetu wa zamani wa nyumba za polisi Nsambya walidhani huo ni mji wa Kongo. Mama hakujali uko wapi. Alikuwa mjane wa polisi, ameishi na watu wa kila kabila, na Kiswahili chake cha kambini kilikuwa kimemtosha kokote alikokwenda. Alishonesha gomesi mpya, lile gauni letu refu la sherehe, akaniambia, "Wewe fungasha. Sisi nakwenda."

Tulitua asubuhi, miguu imevimba kwa kukaa ndegeni. Mdogo wangu hakuwepo. Tulisubiri mpaka abiria wote tuliokuja nao wakaisha, na simu yangu ikakataa kushika mtandao wa pale. Sikubabaika. Ninauza vipuri vya pikipiki Namuwongo, nimezoea kuahidiwa mtu asiyetokea. Kwenye simu nilikuwa na anwani ya nyumba ya wakwe, basi tukachukua teksi.

Dereva alitushusha kwenye barabara ya magereji, akaondoka. Nilitafuta nambari yetu kila mlango, wapi. Mama alijaribu kunifuata, akasimama ghafla, mkono kifuani.

"Kwani hapa hewa iko wapi?"

Bogotá uko juu milimani, juu kuliko mahali popote tulipowahi kukanyaga. Midomo yake ilikuwa imepauka. Hapo niliogopa kweli. Nilimkalisha juu ya sanduku, nikaingia mgahawa uliokuwa karibu, nikamshika mkono mwanamke aliyekuwa akipakua supu na kumvuta hadi nje.

Alipomwona Mama, hakuhitaji maelezo. Tulimwingiza ndani taratibu, akamletea kikombe cha kinywaji cha moto, rangi ya kahawia. Mama alinusa, akaonja, macho yakafunguka.

"Sukari guru!" alimwambia yule mwanamke. "Mama, sisi kwetu natengeneza na hii pombe!"

Mwenye mgahawa alijibu kwa Kihispania, maneno mengi. Mama akajibu kwa Kiswahili. Waliendelea hivyo, kila mmoja na lugha yake, na nilipoona Mama anapumua vizuri na ameanza kuulizia supu, nikageukia shida yetu ya anwani.

Nilimwonyesha simu fundi mmoja aliyekuwa akila pale. Aliisoma, akatikisa kichwa, kisha akapanga mikono yake miwili kama msalaba. Akagusa mkono mmoja, "Calle." Akagusa wa pili, "Carrera." Nikaelewa. Barabara za mji ule zinaitwa kwa nambari, zinazopanda kuelekea mlimani ni Calle na zinazozikata ni Carrera. Mdogo wangu alikuwa ameandika nambari tupu, na dereva akazigeuza. Nyumba yetu ilikuwa mtaa mwingine kabisa.

"Carrera kwanza?" nilimuuliza, nikigusa nambari ya mwanzo.

"Eso!" akasema, akanipiga bega. Alitoka mwenyewe kusimamisha teksi nyingine na kumwelekeza dereva. Mama aliagana na mwenye mgahawa kwa kumkumbatia sana.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa umri wa Mama, mkononi ana ufagio. Alitutazama, akaliona gomesi, akautupa ufagio na kupiga kelele ya furaha. Alikuwa mama wa bibi harusi.

Mdogo wangu alirudi kutoka kazini jioni, akamkuta Mama kitandani chini ya blanketi zito, mama wa bibi harusi anamkanda miguu.

"Si mnafika kesho?" aliuliza, ameduwaa.

Mama hakuinua hata kichwa. "Kesho ni yako. Sisi nafika leo. Sasa kwenda leta bibi yako, mimi naona yeye."

Mdogo wangu aligeuka akatoka mbio, hata koti hajavua.