Toleo Jipya Lilipomuuliza Baba Idadi ya Ng'ombe

Mimi sipendi toleo jipya la kitu chochote, nalisema mapema tusije tukagombana. Sabuni mpya, mchuuzi mpya, padri mpya, vyote navitazama kwa jicho la pembeni mpaka vikae mwaka. Kwa hiyo Jumatano ile mwenzangu alipoingia ofisini anameremeta, akasema lugha tunayoandikia programu zetu imetoa toleo jipya, nilimjibu kwa kifupi.

"Liache likae."

"Nimeshalipakua," akasema. "Kwa bando lako."

Ofisi yetu ni chumba kimoja Kayanga, nyuma ya duka la vitambaa la mama yake. Mwenzangu ni mtoto wa wenye maduka. Babu yake alikuja kutoka Tanga na marobota ya kanga, akaoa huku, akazikwa huku. Mjukuu hajawahi kuiona bahari hata siku moja, lakini Kiswahili changu anakisahihisha kama mtu aliyeteuliwa na serikali. Mimi ni binti wa wafugaji wa Kihanga, Kiswahili nilikikuta shuleni, na siku nyingine najisikia kumrushia kiti.

Kwenye kundi letu la watsapu la watu wa programu wa mkoa, maoni yalikuwa yanamiminika. Mmoja wa Bukoba alisema toleo lina kasi mpaka kompyuta yake imepoa. Mwingine akasema kasi ni ileile, ila rangi za maandishi zimebadilishwa na zinamuumiza macho. Wa tatu alilalamika kwamba kitufe alichokizoea kimehamishwa, akaandika kwa masikitiko ya mfiwa. Kuna aliyetuma mikono miwili ya kuomba, hatukujua anaomba nini. Dada mmoja wa Kyerwa aliandika neno moja tu, "Kali," na nusu ya kundi likashinda linabishana kama anasifu au anaonya.

Mimi sikuwa na muda wa kusifu wala kuonya. Tulikuwa tumemtengenezea bwana mifugo programu ya kuandikisha ng'ombe wa chanjo. Mfugaji anajaza kwa simu jina lake, kijiji chake na idadi ya ng'ombe wake, na kwa idadi hiyo bwana mifugo anaagiza dozi. Ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeshasikika upande wa Nyakatuntu, na orodha ilitakiwa iondoke Ijumaa saa sita mchana. Asiyekuwemo, dozi zake haziji, ng'ombe wake anaachiwa Mungu. Baba yangu alikuwemo. Nilimwandikisha mimi mwenyewe, wa kwanza kabisa, maana ng'ombe wake wakiugua wale, ni yeye atakayelala kitandani.

Mwenzangu akaiendesha programu yetu kwenye toleo jipya. Ikakimbia kidogo, ikasimama. Maandishi mekundu yakatokea: mstari wa kwanza, hii si namba.

Mstari wa kwanza ulikuwa wa baba. Penye idadi ya ng'ombe, palikuwa pameandikwa: "Wapo."

Sasa nieleze. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Ukiwahesabu umewaonyesha wenye jicho baya pa kuanzia. Kundi likirudi jioni, mzee anatupa jicho mara moja tu, anakuambia nani hayupo, kabaki wapi, na yule pale kanuna kwa sababu gani. Lakini muulize ni wangapi, atakujibu wapo. Ukimkera zaidi atakujibu hawajambo. Mimi mtoto wao nilijua hilo, ndiyo maana nilipoandika programu niliacha sehemu ya idadi ipokee neno lolote. Nilijiona nina busara isiyo kifani.

Na toleo la zamani lilikuwa na adabu za mkwe. Ulipoliandikia neno badala ya namba halikusema kitu. Liliinamisha kichwa, likaandika sifuri, likaendelea na safari.

"Hili limetengenezwa na watu wasiofuga," nikafoka. "Lirudishe lilikotoka! Leo hii."

Mwenzangu aliikodolea kompyuta macho. Alikuwa ameifungua orodha ile ya zamani, ile tuliyokuwa tayari kuituma, na alikuwa anaangalia chini kabisa, penye jumla.

"Dada," akasema taratibu, "njoo uone."

Jumla ya ng'ombe wote kwenye orodha yetu ilikuwa wawili. Wawili! Walikuwa wa mama yake, mwenye duka, ambaye alijaza namba bila wasiwasi kama anavyojaza kila kitu. Kwa mujibu wa programu yangu mimi, binti wa mfugaji, Karagwe na Kyerwa nzima ilikuwa na ng'ombe wawili, nao walikuwa nyuma ya ukuta wetu wanakula maganda ya ndizi.

Mawe, mama yangu! Nilikaa chini. Kama lile toleo lisilo na adabu lisingekuja, Ijumaa ningetuma sifuri ya baba kwa mkono wangu mwenyewe. Niliona haya mpaka masikio yakawasha.

Tukashika simu. Mzee mmoja wa Kituntu nilimuuliza ana ng'ombe wangapi, akaniuliza nyumbani kwetu hawajambo, akakata. Wa pili akasema ni kama mwaka jana. Mwaka jana walikuwa wangapi, mzee wangu? "Hawakuwa wabaya." Mama mmoja mjane aliniuliza, "Mwanangu, nani kakutuma?" kisha akaanza kuniombea kwenye simu, sala ndefu ya kunitoa pepo, nami nikaitikia amina kwa sababu nilikuwa nahitaji.

"Si tuwaandikie hamsini kila mmoja?" mwenzangu akasema.

"Wewe! Mwenye kumi ukimwandikia hamsini, dozi za nani zinaenda kwake? Na baba yangu?"

"Baba yako wangapi?"

Nimekunywa maziwa yao tangu nina meno mawili, na nilikuwa sijui.

Wazo lilitoka kwake, siwezi kumnyima. Alisema kama tatizo ni kuitamka namba, basi namba isitamkwe. Tuondoe sehemu ya kuandika, tuweke kitufe kimoja kikubwa. Mfugaji amweleze ng'ombe wake mmojammoja, mtu mwingine abonyeze kila anapotajwa mmoja. Programu itajumlisha yenyewe kimyakimya na toleo jipya litapata namba yake. Mpaka Alhamisi mchana kitufe kilikuwa tayari. Tukapanda pikipiki kwenda Kihanga, kwa sababu nilijua baba akikubali, wazee wengine hawatakuwa na pa kujificha.

Tulimkuta uani anasubiri kundi lirudi.

"Shikamoo tata."

"Marahaba. Umekonda. Hiyo kompyuta hailishi watu?"

Mwenzangu naye akasalimia, kwa Kiswahili kirefu chenye mapambo, na baba akamtazama kwa huruma. Nikaeleza shida yetu. Baba akataka kujua toleo jipya ni kitu gani.

"Ni ileile ya zamani, tata, imerekebishwa."

"Ya zamani ilikuwa na ubaya gani?"

"Ilikuwa inaficha makosa."

"Na hii?"

"Hii haimwogopi mtu."

"Basi haijalelewa," baba akasema, akaketi.

Nikambembeleza. Nikamwambia habari za Nyakatuntu, kama vile alikuwa hazijui. Akasema bwana mifugo aje na chupa zake, awachanje mpaka waishe, kuna ugumu gani. Nikamwambia chupa haziji bila namba. Akasema basi anayezituma hajali ng'ombe, anajali namba. Nilitaka kulia kwa hasira, maana alikuwa anasema kweli na bado kweli yake ingewaua ng'ombe. Mama alipita na chombo cha kukamulia, akanitazama, akapandisha mabega.

Kundi likaingia. Pembe ndefu, vumbi, mlio ule unaonifanya nijisikie mtoto. Mwenzangu, akitafuta neno la kumpendeza mzee, akasema:

"Mzee, yule mwekundu pale ni mzuri sana."

"Mwekundu yupi?"

"Yule wa mbele."

"Mwekundu ni shati," baba akasema. "Yule ni bihogo. Mama yake alivuka kiangazi kile kibaya akiwa na mimba. Yeye mwenyewe tangu azaliwe hajampiga ndama wake teke. Mwekundu!"

Nikabonyeza.

Mwenzangu akakiona kidole changu, akaelewa. Akasafisha koo. "Na huyo wa kahawia?"

"Kahawia!" Baba akanigeukia. "Unatembea na mtu wa namna gani? Huyo ni gaju. Ukimkamua umechelewa anakunyima, anakupa robo, kesho yake anakupa yote na deni la jana."

Nikabonyeza. Yule mtoto wa duka aliwatukana ng'ombe wa baba jioni nzima. Mwenye mabaka akamwita wa madoadoa, mwenye pembe zilizoinama akamuuliza kama anaumwa. Mwanzoni alikuwa anaigiza ujinga, lakini baadaye naona ulikuwa wa kwake mwenyewe. Baba alisimama, akashika fimbo, akawasifu mmoja baada ya mwingine kama anayewatetea mahakamani. Shida ni kwamba hamtaji ng'ombe bila kumtaja mama yake na bibi yake, na mara tatu nilijikuta nimebonyeza marehemu. Kitufe cha kupunguza sikuwa nimekitengeneza, kwa hiyo wafu niliwaandika kwa kalamu kiganjani, nije kuwatoa baadaye.

Simu hakuitazama hata mara moja. Alipomaliza akasema, "Mimi nimeongea na mgeni tu," akaingia ndani kula.

Habari kwetu hazihitaji bando. Ijumaa asubuhi kila mzee alikuwa amesikia kwamba fulani kasifia ng'ombe wake kwa watu wa kompyuta, na hakuna aliyekubali kuachwa nyuma. Yule wa Kituntu aliyenikatia simu alipiga mwenyewe, akasifia mpaka salio likamwishia, akaongeza, akapiga tena. Tulibonyeza mpaka vidole vikafa ganzi. Saa tano na nusu toleo jipya likameza orodha yote bila kukohoa, tukaituma.

Mwenzangu akaandika maoni yake kwenye kundi: "Toleo zuri sana, linafaa kwa mifugo." Mtu akauliza mifugo ni programu gani, inapatikana wapi. Mimi nilipoombwa yangu niliandika kwamba halina adabu lakini lina haki, kisha nikazima simu nikalala mchana kweupe.

Chanjo zikaja. Siku ya zamu ya baba, ng'ombe walipitishwa mmojammoja kwenye njia nyembamba ya miti, bwana mifugo akidunga huku msaidizi wake akiweka alama kwenye karatasi. Nilisimama pembeni na viatu vyangu vya mjini, kifua mbele. Wakapita, wakapita. Kisha msaidizi akafunga karatasi yake.

"Za mzee zimekwisha," akasema.

Na nyuma ya njia ile alikuwa bado amesimama mmoja. Mtamba, gaju, macho makubwa, anatafuna kama hajui kwamba anazungumziwa.

Damu ilinipanda. Nikajua nimeruka mmoja, nimebonyeza pungufu, au nimetoa marehemu wanne badala ya watatu. Nikalitukana toleo jipya, nikamtukana mwenzangu aliyekuwa Kayanga hana habari, nikajitukana na mimi. Ugonjwa ungempata huyu, na kosa lingekuwa la kidole changu.

"Nyamaza," baba akasema. "Hukukosea. Huyo sikumtaja."

"Kwa nini, tata? Jamani, kwa nini?"

"Siwezi kumtaja ng'ombe ambaye si wangu."

"Ni wa nani?"

Baba alinielekezea kidevu tu. Niligeuka nyuma kuona kama kuna mtu amesimama, sikuona mtu.

"Tangu siku aliyozaliwa," akasema. "Nilikuwa nangoja uje nyumbani siku ambayo huna haraka."

Kaka zangu walipewa wa kwao walipojenga. Mimi wa kompyuta, niliyeondoka, nilikuwa sitarajii hata kwato. Nililia, sina haja ya kuficha, nililia mbele ya bwana mifugo na msaidizi wake, nikapangusa kamasi kwa mtandio. Wao wakajifanya wanatafuta kitu kwenye sanduku la barafu.

"Dozi chache za akiba zimebaki," bwana mifugo akasema mwishowe, "lakini ni za watakaojiandikisha leo. Bila jina kwenye orodha sidungi, dada yangu, programu ni yako mwenyewe."

"Basi mwandike," baba akaniambia. "Si ndiyo kazi yako?"

Hakuwa amewahi kuiita kazi. Nilitoa simu, nikaandika jina langu penye mfugaji, nikaandika kijiji chetu. Kikabaki kitufe. Baba akageuka, akatazama kilima cha upande wa pili, akakaa hivyo mpaka nilipomaliza kubonyeza.