Gundi yangu ya majani ya mpunga imeniaibisha ukweni

Leo nimeingia kwa wakwe na kiatu kimoja na nusu.

Siku hizi nachemsha majani makavu ya mpunga katika maji ya majivu, natoa utomvu wake, natengeneza gundi. Jana nikabandika nayo soli za viatu vyangu. Zikashika kabisa!

Leo nikaenda Kilibula, kwa wakwe, kuposa. Njiani, mvua.

Marafiki, gundi ile inayeyuka mu maji. Na miye ni mwalimu wa kemia!

Soli ikabaki mlangoni, mbele ya baba ya Furaha, mchumba wangu.

Akaiokota, akaona gundi inachuruzika. "Weye njo unatengenezaka gundi hii?"

"Ndiyo, baba."

Akacheka mpaka machozi. "Ingia, mukwe. Lakini ng'ombe za mahari utazifunga na kamba."

Chekeni tu. Nimekubaliwa!