Deo na ubishi wetu wa kasi ya green

Akili yangu bado inagoma, jamani. Jana tumemzika Deo pale Mpui, na leo asubuhi nimejikuta nimeshika simu nimpigie.

Kwa msiomjua: Deo ndiye aliyerudi kutoka Arusha, alikokuwa anatunza kiwanja cha gofu, akageuza malisho ya ng'ombe wa baba yake kuwa kiwanja chetu. Ndiyo, gofu, hapa hapa Ufipa. Mimi Salum, muuza vifaa vya ujenzi Sumbawanga mjini, nilikuwa mchezaji wake wa kwanza na mbishi wake wa kudumu.

Tulibishania kitu kimoja tu: green, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, mpira uteleze kwa kasi gani?

Deo alitaka kasi. Alikata nyasi mpaka udongo unachungulia, kisha anaviringisha pipa la maji juu yake, kama anaandaa uwanja wa kupuria ulezi.

Namwambia, "Mshikaji, watu ndiyo kwanza wanajifunza. Acha nyasi zishike mpira kidogo."

Ananijibu, "Wakizoea green nzito, siku wakienda kucheza kwingine watachekwa. Sitaki mtu wa Mpui achekwe."

Na upepo wetu wa kiangazi mnaujua. Mashindano ya kwanza, mzee mmoja mnunuzi wa mahindi kutoka Laela aliufikisha mpira karibu kabisa na shimo. Akainama kuangalia mteremko, upepo ukauchukua mpira ukaenda nao mpaka mtaroni.

Deo akamfuata, uso mkavu kama refa. "Shikamoo mzee. Samahani, sheria inasema unaupiga hapo ulipo."

Mama yake, aliyekuwa anatugawia togwa, akauliza, "We Deo, hiki ni kiwanja au umesiriba sakafu?" Tulicheka sana, na mzee wa Laela akacheka akiwa humo humo mtaroni.

Kesho yake Deo akaniambia, "Nimewasikia. Lakini kisu cha mashine ya nyasi sikipandishi." Na kweli hakukipandisha.

Nikiri tu, watu walijifunza. Akina mama wanaouza maharage sokoni siku hizi wanagusa mpira taratibu kama wanambembeleza mtoto. Nilimpenda Deo kwa ukaidi ule ule ulionichosha.

Jana baada ya mazishi, mkewe Rose akanivuta pembeni. "Shemeji, Jumamosi watu wanataka kucheza kwa ajili yake. Green tukate nyasi kiasi gani?"

Nikasema kisu kipandishwe, nyasi zibaki ndefu kidogo. Nilivyotaka siku zote. Halafu nikangoja jibu, kama kawaida.

Rose akatikisa kichwa kukubali. Wenzetu wakasema sawa, Salum. Hakuna aliyebisha.

Hapo ndipo nilipolia, mbele ya wakwe zake Deo na majirani.

Umeshindwa kwa kutotokea uwanjani, Deo, na ushindi wenyewe sijaupenda hata kidogo. Ulale vizuri, ndugu yangu.